Muulize Shangazi: Begi la shangazi kaja na majina mengine ya vitu vya nyumbani

Barua za mwezi huu zimenikuta nimekaa sakafuni na shazia mkononi, nashona begi langu la kadi lililokufa zipu. Toleo lililopita niliwaomba mniandikie majina ya vitu vya kila siku ambayo mnayatumia lakini hamjui yalikotoka. Nilitegemea barua nne, tano hivi. Zimekuja nyingi mpaka mhariri kaniongezea ukurasa kwa shingo upande.

Kwa wageni wa safu hii: mimi ni mzaliwa wa Ngamiani, Tanga, mkazi wa Temeke. Nilikuwa msahihishaji wa prufu kiwandani miaka 27, kazi ya kusoma maandishi ya watu wengine mpaka macho yakaomba likizo. Shahada ya lugha sina. Nina kadi ninazoandikia maneno, na nina kipimo kimoja nilichokipa jina la mtihani wa dukani. Nenda kwa Mangi, litaje neno, kisha nyamaza. Akinyoosha mkono rafuni na kukupa kitu chenyewe, hilo ni neno. Akikuuliza "nini?", bado ni utani wa kwenu. (Na hilo "kwa Mangi" lenyewe limefaulu zamani. Mangi ni mtawala wa Wachaga, lakini Dar es Salaam ni mwenye duka la jirani, hata akiwa Mkinga wa Makete.)

Tuanze.

*Shangazi, shikamoo. Yale mabegi makubwa ya plastiki yenye mirabaraba yanaitwa "shangazi kaja" kwa nini? Mbona siyo mjomba? Na wewe ukisikia hukasiriki?*
*Binti wa Mbagala*

Marahaba, mwanangu. Siku hizi sikasiriki. Siku ya kwanza nilikasirika.

Nilikuwa nahamia kwa kaka yangu baada ya kupata kazi kiwandani. Nimeshuka kwenye daladala na begi hilohilo: nyuzi za plastiki zilizofumwa, mistari ya bluu na nyekundu juu ya nyeupe, mikono miwili inayokata viganja, zipu inayoanzia pembe hii kuishia pembe ile. Ndani mna vitenge, sufuria mbili zilizopakatana, na machungwa ya Muheza yaliyokuwa yameshaanza kulowanisha vitenge. Mtoto wa kaka, miaka sita hivi, akaliona begi kabla hajaniona mimi. Akapiga ukelele: "Shangazi kaja!" Majirani waliokaa barazani wakaangua kicheko. Nami nikacheka nao, nikajua nimepokelewa. Usiku, tunaosha vyombo, wifi yangu akanifungua macho: "Wifi, mtoto kalitaja begi. Wewe hata hakukuona."

Utamu wa jina uko kwenye ukubwa wa mzigo. Anayekuja kushinda hubeba mkoba. Anayelala usiku mmoja huja na kifurushi. Akishuka mtu na begi lile, mwenye nyumba haulizi habari za safari, anahesabu vitanda. Na kwa nini shangazi? Kwa sababu shangazi haji kwa watu, anakuja kwa kaka yake. Hakuna wa kumwuliza anaondoka lini. Mjomba mambo yake ni mengine: kwa wengi wetu mjomba haji, mjomba huendewa.

Nitakuongezea kitu kilichonifanya niandike kadi mbili badala ya moja. Begi hilohilo, mirabaraba ileile, Nigeria wanaliita Ghana Must Go, yaani Waghana waondoke. Mwaka 1983 serikali ya huko iliwapa wahamiaji wasio na vibali muda mfupi wa kuondoka, wengi wao Waghana, wakasomba walichoweza ndani ya mabegi hayo. Kule begi limepewa jina la anayefukuzwa, kwetu limepewa jina la anayefika na kukaa. Kila nikilitazama langu hapa sakafuni naona afadhali nimezaliwa upande huu wa bara.

*Mwanangu wa darasa la tatu alitumwa dukani na bibi yake, akaambiwa "usisahau na rambo". Akaja kuniuliza Rambo ni nani. Nikaona aibu kujibu kwamba ni mfuko.*
*Baba wa mmoja, Morogoro*

Aibu ya nini? Mfuko ndio. Mifuko ya plastiki ilipotapakaa mjini ilikuwa na picha ya yule askari wa sinema, kifua wazi, kitambaa kichwani, bunduki ubavuni. Mchuuzi hakuwa na muda wa kusema "mfuko wa plastiki wenye mikono", akasema rambo. Ikaja mingine haina picha, ikaitwa rambo. Ikaja ya buluu, ya njano, myeusi ya kuwekea samaki, yote rambo.

Mwanao hana kosa kutoijua. Tanzania Bara mifuko hiyo ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, yeye akiwa hajaanza kuongea, au akiwa hajazaliwa. Zanzibar walitutangulia tangu 2006, na Kenya 2017. Serikali ikaleta jina la kistaarabu, "mifuko mbadala", na wauza mifuko walilishika kwa muda, hasa wakiona mgambo. Bibi yake hakulishika. Sokoni Temeke nimemsikia mama anauziwa ule mfuko laini mfano wa kitambaa, akauliza, "Hii rambo bei gani?" Akajibiwa bei. Mtihani umefaulu, ingawa kitu si kile tena. Mwambie mwanao Rambo ni marehemu aliyeacha jina.

*Asalaam alaykum Bi Shangazi. Niko Muscat tangu 1994. Nimekuja Dar kuzika, nikaingia dukani kununua maji, kijana akaniambia "buku". Nikamwambia sitaki kitabu. Akacheka mpaka akakaa. Baadaye dereva wa bajaji akaniambia "nipe msimbazi mmoja tumalizane". Mimi ninayeijua Msimbazi ni mtaa. Mmeharibu pesa yenu?*
*Bwana wa Muscat*

Wa alaykum salaam, kaka. Pole kwa msiba. Pesa iko salama, majina ndiyo yamezaa.

Buku ni shilingi 1,000. Jero ni 500. Kwa hiyo "buku jero" ni 1,500, na mwenye duka anayesema hivyo hakutanii. Msimbazi ni noti ya 10,000, nayo ina rangi nyekundu, na wekundu wa nchi hii wana anwani: klabu ya Simba, Wekundu wa Msimbazi, mtaa huohuo unaoujua wewe. Mimi nyumbani ni wa Yanga, lakini noti hiyo sijawahi kuikataa.

Ila wewe, kaka, ndiye wa mwisho kushangaa. Huko ulipo riali moja ina baisa elfu moja, na wazee wa Kiomani wanaitamka besa. Hiyo besa ni ndugu wa damu wa pesa yetu, zote mbili baba yao ni paisa ya Wahindi, iliyovuka bahari kwa jahazi. Na neno "hela" ambalo hata kasisi analitumia kanisani? Lilikuwa sarafu ya Wajerumani, heller. Mwaka 1904 waliigawa rupia ya koloni lao vipande mia, kila kipande kikawa hela moja. Wajerumani wakaondoka, rupia ikaondoka, shilingi ikaingia, na mpaka leo mtoto anamwambia baba yake "naomba hela". Hakuna anayempa sarafu ya Mjerumani.

Daladala nazo ulizipanda kabla hujaondoka, lakini sina hakika kama uliwahi kujiuliza. Dala lilikuwa jina la shilingi tano. Mabasi ya watu binafsi ya Dar, yaliyoruhusiwa rasmi 1983, nauli yake ilikuwa dala, na makonda wakaiita kituoni mara mbilimbili, dala-dala, dala-dala. Nauli imepanda mara sizijui ngapi tangu hapo. Shilingi tano leo hata ukiiona chini hujipi shida ya kuinama. Gari limebaki na nauli ya siku yake ya kwanza mlangoni, na hakuna abiria anayeidai.

*Nimefundisha Kiswahili miaka 34. Safu yako inawapa vijana kibali cha uhuni. Lugha yenye heshima haina "zege" wala "kiepe". Mwanafunzi aliandika katika insha kwamba wageni walikaribishwa zege, nikampa sifuri. Ungekaa mezani na kalamu na karatasi ukawasaidia walio shule, badala ya kuokota maneno ya vijiweni.*
*Mwalimu mstaafu, Iringa*

Mwalimu, shikamoo. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu, samahani sana, nilichukua kalamu nyekundu. Ni maradhi ya kazi, hayaponi.

Nimezungushia "shule", kwa sababu ni la Mjerumani. "Meza" ni la Mreno. "Kalamu" na "karatasi" ni ya Mwarabu. Nilipofika kwenye "heshima" nikaweka kalamu chini, maana nayo ni ya Mwarabu, na sikutaka kukuvunjia. Yote ni maneno mazuri na nakuunga mkono kuyatumia. Ila kila moja liliwahi kuwa la ajabu mdomoni mwa mtu, na pembeni palikuwa na mzee aliyetikisa kichwa.

Turudi kwenye zege, kwa kuwa nadhani hujawahi kusimama mbele ya banda la chipsi saa mbili usiku. Njoo usimame nami. Viazi vimeshakaangwa, vimelala kwenye kabati la kioo. Kijana anachota ujazo wa sahani, anavitupia kwenye kikaango. Anavunja mayai mawili ndani ya kikombe cha plastiki, anayapiga kwa uma, tak tak tak, anamimina juu. Anatikisa kikaango ili yai lipenye katikati ya viazi. Vinashikana. Anafunika kwa sahani, anapindua, anarudisha upande wa pili. Ukikata unaona yai limezunguka kila kipande cha kiazi, kama saruji inavyozunguka kokoto. Aliyeita chakula hicho zege aliwahi kushika koleo, naweka rehani kadi zangu zote. Na aliyekuwa na njaa karibu yake alielewa bila kuelezwa, kwa sababu naye alitoka saiti.

Kiepe nakuachia. Ni chipsi, wamelipindua tu, halina picha ndani yake. Mimi mwenyewe silipendi.

Kuhusu ile sifuri: tuko karibu kukubaliana kuliko unavyodhani. Insha ya mtihani siyo banda la chipsi, na mtoto lazima ajue kubadili viatu mlangoni. Mkate alama ya mahali. Lakini aliyeandika kwamba wageni walikaribishwa zege amekupa habari nyingi kwa neno moja: nyumba haikuwa na kuku, wala haikuwa na muda, ilikuwa na jirani mwenye banda. Ningempa saba juu ya kumi na kuandika pembeni "tafuta neno la sebuleni". Unaweza kuniandikia tena, Mwalimu. Mwandiko wako ni mzuri kuliko wa wote mwezi huu.

*Mimi ni wa Mombasa, nimeolewa Dar. Niliingia dukani nikaulizia patipati, kijana akaniangalia. Nikasema champali, akazidi kuniangalia. Nikainua mguu nikamwonyesha. Akasema "Aah, ndala!" Sasa tuzungumze lugha gani?*
*Bi Harusi wa Kinondoni*

Karibu bara, mwanangu, na hongera ya ndoa. Pole kwa kuinua mguu dukani.

Ulichotaka ni kitu kimoja: bamba la mpira na mikanda inayopita kati ya kidole gumba na cha pili. Kila mji umekitazama kutoka mahali pake. Aliyekiita kandambili alihesabu kanda. Aliyekiita patipati alikuwa chumba cha pili, alisikia kisigino kinavyopigwa: pati, pati, pati. Champali limekuja na Wahindi. Sapatu, ambalo bibi yako huenda bado analitumia, liliachwa na Wareno. Hapa Dar utasikia ndala na malapa, na kama ni vile vya plastiki vilivyoumbwa kipande kimoja, sema yeboyebo. Ukifika kwa mafundi wa sandali za tairi la gari, vile ambavyo ninyi Kenya mnaviita akala, omba katambuga. Hivyo hata msumari wa Manzese hauvipiti.

Usijione umeonewa peke yako. Mimi nilifeli mtihani wangu mwenyewe kwenu. Nilisimama Mwembe Tayari juani, mzigo begani, nikaulizia wapi nitapata bajaji. Kijana mmoja akaniambia kwa adabu zote, "Hapana bajaji hapa, mama, kuna tuktuk." Nilikuwa nimeiegemea. Sisi tulichukua jina la kampuni lililoandikwa mbele, ninyi mkachukua sauti ya injini iliyo nyuma.

*Shangazi, kituo cha kuzungukia magari kwa nini tunakiita kipilefti? Naendesha lori, namwona kila mtu anasema, hakuna anayejua.*
*Dereva, njia ya Tunduma*

Kwa sababu ya kibao. Zamani kwenye kila mzunguko palisimama kibao cha Kiingereza, Keep Left, yaani shika kushoto. Utingo alikisoma kwa sauti, dereva akasikia jina la mahali. Ni kwa njia ileile Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza, kiligeuka Kariakoo. Endesha polepole mlima Kitonga.

*Nimehamia Njombe kikazi. Sokoni wananiuzia viazi kwa "sado". Nikiuliza ni kilo ngapi wanasema ni sado. Naibiwa?*
*Mtumishi mpya*

Inategemea kopo limebonyezwa au la. Sado ni kopo la rangi la lita 4, limechukua jina la rangi ya Sadolin iliyokuwamo. Linapima ujazo, uzito silo kazi yake, kwa hiyo sado ya viazi, sado ya maharage na sado ya dagaa hazilingani kilo hata kidogo. Wakenya wana gorogoro lao la kilo mbili za mahindi. Kabla ya rangi kulikuwa na kibaba, na vibaba vinne vikawa pishi. Baba yangu, karani wa shamba la mkonge, aliandika posho za vibarua kwa pishi na alikufa anapima mchele hivyo.

Fundisho dogo la sokoni: tazama kitako cha kopo kabla hujatazama kilima kilicho juu. Kuna wenye kulisukuma kitako ndani kwa ngumi. Kilima kinakufurahisha, shimo linakula chini. Nilinunua karanga namna hiyo mwaka mzima kwa mama mmoja niliyempenda sana.

*Mimi ni fundi simu, Mwanza. Wateja wangu wanasema kiswaswadu, kitochi, simu ya kupapasa, na sasa hata bibi wa kijijini anasema kishikwambi. Lakini sijawahi kusikia mtu ananiletea "rununu". Mbona yote ni maneno ya kutungwa?*
*Fundi*

Swali la mwaka, fundi, na limetoka kwa mtu anayeshika kitu chenyewe. Ningefurahi waheshimiwa wa Baraza la Kiswahili wakusome. Nawaheshimu, Baraza liko kwa sheria tangu 1967 na bila wao tungekuwa tunaandika mikataba kwa lugha ya kuazima. Lakini baraza linazaa tu. Kulea ni kwetu.

Tazama kishikwambi kilivyolelewa. Mwaka 2022 tulihesabiwa, usiku wa sensa ukiwa wa kuamkia Agosti 23. Karani alikuja mlangoni na kile kibao cha kioo, na redio zilikuwa zimeshatangaza kwa wiki kadhaa kwamba atakuja na kishikwambi. Kitu na jina viliingia nyumba kwa nyumba siku moja, kwa mlango mmoja. Bibi yako wa kijijini hakuwa na jina jingine la kukipa. Sensa ilipokwisha, vikagawiwa kwa walimu, na mtoto akalikuta neno shuleni.

Rununu lilikuja nyuma ya basi. Watu walikuwa na "simu ya mkononi", jina linalojieleza hata kwa asiyewahi kuiona. Neno jipya linaloomba kiti ambacho mwenzie amekikalia, na amekikalia vizuri, litasimama mpaka mwisho wa safari. Jokofu lina bahati kidogo: limepata kazi ya maandishi. Kwenye fomu ya dhamana ni jokofu, likiharibika fundi anaitwa kuja kutazama friji.

Kitochi sina la kueleza, lina tochi. Wakenya walikwenda mbele zaidi wakasema mulika mwizi. Hapo ni mtu amesimama gizani uani kwake, kasikia kuku wanahangaika, hana silaha nyingine. Na usisahau kubipu, kitenzi kilichotungwa na umaskini wa vocha: piga, ikiita mara moja kata, mwenzako atajua ni nani mwenye shida. Wakenya husema kuflashi. Vijana wa vifurushi hawabipu tena, wanatuma ujumbe kwa mtandao. Mimi bado nabipu, na mhariri huyu anayenipunja kurasa hupiga.

*Shangazi, nyumbani kwetu tuna maneno yetu. Kabati la nyaya na chaja zilizokufa tunaliita mochwari. Kile kipande chembamba cha sabuni kinachobaki, kisichoshikika, watoto wanakiita kijukuu: mche ni bibi, kipande ni mama, nusu kipande ni mtoto. Je, haya ni maneno?*
*Mama wa watano, Songea*

Mochwari nimelipenda, lakini halifiki mbali, kila ofisi niliyowahi kuingia ina lake. Kijukuu limeninyima usingizi.

Kwa sababu fikiria: kitu hicho kipo bafuni kwa kila mmoja wetu, na kwa miaka yangu yote ya kadi sijapata jina lake. Tuna ukoko wa sufuriani, tuna kipisi cha sigara, tuna chicha za nazi iliyokamuliwa. Masalio ya sabuni tunayaita "hiki hapa". Watu wanavibandika kwenye mche mpya, wanavifunga kwenye soksi, wanavitia maji kwenye kopo la kuoshea vyombo, na hakuna aliyewahi kuviita.

Nikakipeleka kwa Mangi. Jumatatu nilikwenda kununua sabuni ya kufulia, nikamwambia, "Na kijukuu." Akauliza, "Nini, Shangazi?" Nikafeli. Nikamweleza ukoo wote, bibi, mama, mtoto, yule kijana wake anayekata sabuni akiwa amesimama pale na kisu. Hawakucheka sana. Nikarudi nyumbani nikaandika kwenye kadi "Songea, utani wa nyumbani", nikaitia begini.

Jumamosi iliyopita nikarudi kwa ajili ya kipande kingine. Kijana akalaza mche kwenye ubao, akapima kwa kidole, akakata vipande sita. Mwishoni kikabaki kipande cha pembeni kama unene wa kucha, hakiuziki. Akakisukuma kwangu kwa ncha ya kisu, macho yakiwa kwa mteja mwingine.

"Chukua na kijukuu, Shangazi, hicho bure."

Nilikichukua. Kimefua leso mbili.